Kabla hujamnunulia mwanao kinanda, beba kipimo chako

Mpwa wangu ana miaka 12, anasoma darasa la sita huko Kilwa. Kwa mwaka mzima alikuwa akipiga kinanda kisichotoa sauti. Kilikuwa kipande cha boksi la sabuni, amekichora vibao vyeupe na vyeusi kwa kalamu ya wino, anakiweka juu ya meza baada ya vyombo vya chakula cha usiku kuondolewa.

Kinanda cha kweli alijifunzia kwa jirani, mzee aliyewahi kupigia kikundi cha taarabu mjini Lindi. Mzee huyo alipohamia Mtwara kwa wanawe, aliondoka na kinanda chake. Siku ya mwisho mtoto alilaza boksi juu ya vibao, akatia alama kila kibao kinapoishia, ndipo akachora. Msomaji wangu, likumbuke boksi hilo, maana huko mbele lina kazi.

Mwaka jana, fedha za mnada wa ufuta zilipoingia, dada yangu aliamua kumnunulia mwanawe kinanda bila kumwambia mtu. Aliona tangazo kwenye simu. Picha nzuri, bei laki nne, na chini yake maneno yale tunayoyajua: "Zimebaki mbili tu." Muuzaji alitaka kianzio cha laki moja na nusu, mzigo upakiwe kwenye basi la jioni. Dada akatuma. Basi likafika Nangurukuru bila mzigo, na namba ya muuzaji haikupatikana tena.

Alikaa na siri hiyo miezi miwili. Aliponiambia alinisihi nisimwambie mumewe, kwa kuwa sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya mabati ya jiko. Nilimwambia amwambie mwenyewe, na mapema. Akamwambia. Shemeji yangu si mtu wa maneno mengi. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwakani tutakwenda wote."

Mwaka huu wakaja wote watatu. Niliwapokea Mbagala, wamechoka na safari ya karibu kilomita 300. Shemeji alikuwa na mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na futi kamba, boksi la mtoto na fedha zilizogawanywa mafungu mawili: laki saba za kinanda, na nauli ya kurudi ambayo aliifunga kwa mpira na kumkabidhi mkewe. "Hii haiguswi," alisema, "hata tukikosa kinanda."

Nimeandika haya kwa sababu wasomaji wengi wa pwani ya kusini wako katika hali kama yao. Ukinunua kitu kibovu ukiwa Ilala, kesho unakirudisha kwa daladala. Ukiwa Kilwa, Lindi au Nachingwea, kurudisha ni nauli nyingine na siku mbili za kazi, na wakati mwingine njia yenyewe haipo. Tunakumbuka Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pale Somanga. Muuzaji anajua kwamba mteja wa mbali hatarudi.

Ukifika Kariakoo, usikabidhi hamu yako

Hatukuwa tumemaliza hata mtaa mmoja, kijana akatushika mkono. "Mzee wangu, karibu, unatafuta nini? Mimi nakupeleka kwenye bei ya jumla." Huyo ni winga. Wapo mawinga waaminifu na wanaofahamu duka gani lina nini. Lakini jua kwamba ujira wake hutoka kwenye bei utakayolipa wewe. Ukiweza, tembea mwenyewe maduka matatu kabla ya kusema kiasi ulicho nacho, na andika bei ya kila duka.

Dukani, muuzaji hakuzungumza na shemeji. Aliinama kwa mtoto. "Binti, umekipenda? Mwambie baba." Mbinu hiyo ni ya zamani na bado inafanya kazi, kwani mzazi gani atamkatalia mtoto mbele za watu? Lakini nyumbani walikwishakubaliana. Mtoto akikipenda kinanda, asitabasamu wala asiseme neno, ashike ncha ya ushungi wake tu. Ukienda na mtoto, panga naye mapema. Mweleze kiasi mlicho nacho na kwamba huenda mkarudi mikono mitupu. Mtoto wa miaka 12 anaelewa.

Bei ya kwanza ilikuwa milioni moja na laki mbili. Ndani ya dakika tano ikashuka hadi laki tisa, "kwa sababu nyie ni ndugu zangu wa kusini." Hapo mnunuzi hujiona ameokoa laki tatu. Hujaokoa kitu. Bei ya kwanza iliwekwa juu ili ya pili ionekane huruma. Usihesabu kilichopunguzwa, hesabu unachotoa, ukilinganisha na maduka mengine.

Kinanda kinachojipiga chenyewe

Muuzaji alibonyeza kitufe kimoja na duka zima likajaa muziki: ngoma, gitaa, tarumbeta. Watu wakageuka. Dada yangu akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Muziki huo umerekodiwa kiwandani na unajipiga wenyewe. Hauonyeshi kama vibao vinafanya kazi.

Mwombe azime, kisha fanya hivi. Bonyeza kibao kimoja kimoja, kuanzia kushoto hadi kulia, vyeupe na vyeusi. Sikiliza kama kuna kisicholia, kinacholia kwa kukwaruza au kinachochelewa kurudi juu. Halafu bonyeza kibao kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Kinanda kizuri cha kujifunzia hutoa sauti ndogo ukigusa taratibu, na kubwa ukigonga. Vile vya kuchezea watoto hutoa sauti ileile kwa vyovyote vile, na mtoto akijifunzia hapo, mkono wake haujui tofauti ya kunong'ona na kupiga kelele.

Ukiambiwa boksi halifunguliwi kwa sababu limefungwa kiwandani, ondoka. Ujaribu kilekile utakachobeba, si ndugu yake wa maonyesho.

Boksi la sabuni lilipofanya kazi

Duka la pili lilikuwa na kinanda cha laki tatu na nusu. "Vibao 61, kama kile cha laki tisa," muuzaji alisema. Nilivihesabu, na kweli vilikuwa 61: vyeupe 36 na vyeusi 25. Dada akanitazama kwa matumaini. Mtoto akatoa boksi lake, akalilaza juu ya vibao, kisha akaninong'oneza: "Mama mdogo, havilingani."

Shemeji akatoa futi kamba. Katika piano na katika kinanda cha kawaida, vibao saba vyeupe vikipangana huwa na upana wa karibu sentimita 16 na nusu. Pale vilifika 14. Vilikuwa vibao vyembamba vya watoto wadogo. Muuzaji hakusema uongo kuhusu idadi, alinyamaza kuhusu upana. Mtoto wa miaka 12 akizoea hivyo, siku atakapokaa mbele ya kinanda cha kweli itabidi vidole vijifunze upya.

Piano kamili ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kwa anayeanza, 61 vyenye upana kamili vinatosha kwa miaka kadhaa. Usikubali kusukumwa kununua zaidi ya mahitaji, wala usilipie mamia ya sauti za filimbi na ndege ambazo mtoto atazichezea wiki moja.

"Hii ni mpingo, mzee"

Duka la tatu lilikuwa la vitu vilivyotumika kutoka nje. Nyuma kabisa palikuwa na piano ya mbao, ndefu kifuani mwa mtu. Muuzaji aliposikia tumetoka Kilwa, macho yake yakang'aa. "Mzee, hii si ya kuikosa. Vibao vyeusi hivi ni mpingo wa kwenu."

Hapo aligusa pabaya. Shemeji yangu amewahi kuwa mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji. Wilaya ya Kilwa ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana kwa mpingo, na mti huo ndio unaotengenezewa klarineti na obo zinazopigwa katika kumbi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2009, misitu ya vijiji wilayani humo ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu. Shemeji aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kibao kilicholika. Chini ya weusi palikuwa na mti wa rangi ya maziwa ya chai.

"Kiini cha mpingo ni cheusi mpaka ndani," alisema taratibu. "Huu ni mti mwingine uliopakwa rangi."

Na hata kama ungekuwa mpingo, piano ya namna hiyo si ya nyumba nyingi za pwani. Ina nyuzi za chuma zaidi ya 200 zilizokazwa kwa nguvu kubwa, na uzito wake aghalabu hupita kilo 200. Unyevu wa bahari hutia kutu nyuzi na kuvimbisha mbao, na sauti hupotea. Inahitaji fundi wa kuikaza angalau mara moja kwa mwaka. Muuliza muuzaji fundi huyo yuko wapi na atafikaje Kilwa. Jibu likiwa "hii haihitaji fundi," umeshajibiwa.

Kwenye duka hilohilo palikuwa na vinanda vya umeme kutoka Japani kwa bei nafuu. Hapo kuna mtego mwingine. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230. Soma maandishi ya nyuma ya kinanda au kwenye adapta yake. Pakiandikwa volti 100 peke yake, ukichomeka ukutani unaweza kukiunguza siku ya kwanza. Na kisipokuwa na adapta, usikubali neno "adapta yoyote inaingia." Kuingia tundu si kufanana volti, na hata upande wa chanya na hasi hutofautiana.

Kulipa nako kuna mitego

Duka la nne, muuzaji alikuwa mama wa makamo. Hakutuvuta mkono. Alichomeka kinanda, akamsogezea mtoto kiti, akaendelea kuhudumia wengine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto alilaza boksi juu ya vibao, alama zikaangukia mahali pake. Akapiga kibao kimoja kimoja, kisha akapiga wimbo wa yule mzee wa Lindi, pole pole, kwa mkono mmoja. Alipomaliza alishika ncha ya ushungi kwa mikono miwili.

Bei ikaishia laki sita na nusu. Wakati wa kulipa tukaulizwa swali la kawaida la mjini: "Na risiti au bila risiti?" Shemeji akasema na risiti. Sheria inamtaka muuzaji kutoa risiti ya EFD na mnunuzi kuidai, na kiasi kilichoandikwa kiwe kilekile ulicholipa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ndiyo ushahidi wako kifaa kikiharibika, na ndiyo utakayoshika ukilazimika kulalamika Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yenye kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu. Dhamana nayo iandikwe kwenye karatasi: miezi mingapi, nani anatengeneza na nani analipia usafirishaji.

Ukilipa kwa simu, hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ni la duka. Likiwa la mtu usiyemjua, simama hapo. Na kianzio kwa mtu usiyemwona, kwa bidhaa usiyoigusa, usitume. Kama huwezi kusafiri, tafuta ndugu au mwalimu wa kwaya aliyeko mjini aende kwa niaba yako.

Tulipokuwa tukingoja basi, nilimuuliza shemeji kwa nini hakuwahi kumlaumu dada. Akaniambia zamani kijijini kwao wanunuzi wa magogo walikuja na bei zao na vipimo vyao, na wanakijiji wakachukua walichopewa. Mambo yalibadilika pale walipojifunza kupima miti yao wenyewe. "Hatukuwa wajinga," alisema. "Hatukuwa na futi kamba."

Nadhani hilo ndilo la kuwaambia wake, waume na watoto wetu waliotapeliwa. Aibu huwafanya wanyamaze, na ukimya huo humpa tapeli mteja mwingine kesho. Dada angeficha mpaka leo, mwaka huu angekwenda tena peke yake.

Mabati ya jiko bado hayajanunuliwa. Yanasubiri ufuta wa mwakani. Boksi la sabuni, dada ananiambia, mtoto amekataa litupwe. Amempa mdogo wake, ambaye sasa ndiye anayepiga kinanda kisichotoa sauti, pembeni ya kile kinachotoa.

Tukutane wiki ijayo.