Kutembelea Bunkeya

Siku ya pumziko wengi wetu wa Likasi wanapanda mutuka kwenda Lubumbashi kutazama maduka. Wachache wanakumbuka kwamba kaskazini, kama kilometa 70 kwa mustari ulionyoka, kuna muji mudogo uliotawala zamani sehemu kubwa ya Katanga. Ndio Bunkeya, ambao tangu mwaka 2015 ni wa jimbo la Lualaba.

Aliyeujenga ni Msiri, mwana wa Kalasa, mufanya biashara wa Usumbwa, kaskazini-magharibi ya Tabora. Katikati ya karne ya 19 alifuata njia ya baba yake mpaka huku, sababu ya shaba. Kwa urafiki, kwa ndoa na kwa bunduki akawa mufalme wa Garenganze. Watu wake wakaitwa Bayeke. Misafara ilichukua shaba, pembe za tembo na watumwa, ikarudisha baruti na nguo. Ilisaidia pia kueneza luga hii tunayoandika.

Mwaka 1886 Frederick Stanley Arnot, mumisionari wa Kiprotestanti, alipokelewa kwake. Lakini Wazungu walikuwa wakishindania inchi. Msiri alikataa mapatano ya Waingereza, akakataa na bendera ya mufalme Léopold II. Tarehe 20 Desemba 1891, Kapiteni Bodson wa kundi la Stairs alimuua kwa risasi. Yeye naye akapigwa, akafa. Watu wakatawanyika.

Mwenye kwenda huko kwa siku moja atoke alfajiri, na achague wakati wa kiangazi, maana mvua inaharibu barabara. Akifika, kwanza aende kusalimu kwa Mwami, kwani wazao wa Msiri wangali wakiongoza Bayeke. Asipige picha kabla ya kupata ruhusa. Asitafute kuta kubwa za mawe: muji ule ulijengwa kwa miti na udongo. Historia yake iko katika vinywa vya wazee. Basi aketi, aulize kwa heshima, asikilize. Kila mwaka tarehe 20 Desemba Bayeke wanakumbuka kifo cha mufalme wao. Siku hiyo mutu anasikia mengi, lakini ajue ni wakati wa mvua.

Mugeni ajilinde na makosa mawili. La kwanza ni kumusifu Msiri bila kipimo, na kusahau watumwa wale, na Basanga waliomwasi mwaka 1891. La pili ni kusema alikuwa mukali tu, kana kwamba waliomuua walikuja kwa kuhurumia watumwa. Walikuja kwa ajili ya inchi na mali yake.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaojitayarisha kwa upadri. Kesho mutoto wa Muyeke na mutoto wa Musanga watapiga magoti mbele ya altare moja, na kila mumoja amesikia habari za Msiri kwa babu yake. Padri anayejua habari ya upande mumoja tu, atawapatanisha namna gani?