Papai, Sindano na Diski Iliyochomoza

Wachoma mishkaki wanajua kazi ya papai bichi: ukilisaga na kuipaka nyama ngumu, nyama hulainika hata kabla ya kuona moto. Siri imo katika utomvu wake mweupe, uliojaa vimeng'enya vinavyokatakata protini. Katika karne iliyopita utomvu huo ulikuwa zao la biashara. Uligemwa, ukakaushwa na kuuzwa nje kutoka Tanganyika, Uganda na Congo. Wasichokijua wengi ni kwamba kimeng'enya kimojawapo cha papai, kimopapaini, kiliwahi kudungwa katika migongo ya wagonjwa ili kuwaepusha na kisu.

Uti wa mgongo una diski 23 zilizokaa kati ya pingili. Kila diski ina ukingo mgumu wa nyuzinyuzi na kiini laini chenye maji mengi. Ukingo ukichanika, kiini huchomoza na kugusa mzizi wa neva, hasa katika diski mbili za mwisho za kiunoni. Mgonjwa husikia maumivu makali yanayotoka kiunoni, yakipita takoni na kushuka mguuni hadi unyayoni, mara nyingi pamoja na ganzi. Neva hubanwa, lakini pia huwashwa na kemikali zinazotoka katika kiini chenyewe. Ndiyo maana uvimbe mdogo wa diski unaweza kumuumiza mtu zaidi kuliko mkubwa.

Uhusiano huo ulithibitishwa mwaka 1934 huko Boston, Marekani, na madaktari William Mixter na Joseph Barr. Kabla yao, vipande vya diski vilivyokutwa wakati wa upasuaji vilidhaniwa kuwa uvimbe wa saratani au wa gegedu. Baada yao upasuaji ulienea, na ulikuwa mzito: mgongo ulipasuliwa, misuli ikasogezwa, mfupa ukakatwa, na mgonjwa akalazwa kwa muda mrefu.

Njia nyingine ilitokana na sungura. Mwaka 1956 mtafiti Lewis Thomas aliwadunga sungura kimeng'enya cha papai, masikio yao yakalegea na kuanguka kwa sababu gegedu lilikuwa limepoteza ugumu wake. Siku chache baadaye masikio yalisimama tena. Daktari wa mifupa Lyman Smith, wa jimbo la Illinois, akajiuliza: kama kimeng'enya hiki hulegeza gegedu la sikio, je, hakiwezi kulegeza kiini cha diski? Mwaka 1963 alimdunga mgonjwa wa kwanza. Kimopapaini kilivunja molekuli zinazoshika maji ndani ya kiini, diski ikasinyaa, neva ikapata nafasi.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1982, na maelfu ya watu wakapata nafuu. Lakini wachache walipata mzio wa kutishia maisha, na wengine wachache zaidi walipooza. Mwaka 2003 iliacha kuuzwa nchini humo. Hata hivyo wazo lenyewe halikufa: mwaka 2018 Japani iliidhinisha kondoliezi, kimeng'enya kinachotokana na bakteria. Hiki hakigusi protini. Hushambulia sukari ndefu zinazovuta maji ndani ya kiini, hivyo tishu za jirani huumia kidogo.

Wapasuaji nao walikuwa wakipunguza ukubwa wa tundu. Mwaka 1975 mpasuaji Hijikata, pia wa Japani, alieleza jinsi ya kutoa sehemu ya kiini kwa mrija mwembamba uliopitishwa kwenye ngozi. Mwaka 1977 hadubini iliingia katika upasuaji wa diski. Mpasuaji Parviz Kambin, akifanya kazi Philadelphia, Marekani, alionyesha eneo dogo la pembetatu pembeni mwa uti ambamo chombo kinaweza kupita bila kuigusa neva. Leo mrija wenye kamera, mwembamba kama kidole cha mtoto, hupita hapo. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, amechomwa ganzi tu, na huweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Je, tundu dogo huleta matokeo bora? Si lazima. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walilinganisha upasuaji wa kupitia mrija na ule wa kawaida wa hadubini kwa wagonjwa 328, na mrija haukushinda. Utafiti mwingine wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa 613, ulionyesha kuwa njia ya kamera haikuwa duni kuliko ya kawaida katika kupunguza maumivu ya mguu, na wagonjwa walipoteza damu kidogo.

Kuna mshindani mwingine asiyelipwa: mwili wenyewe. Kipande cha diski kilichotoka nje huonekana na kinga ya mwili kama kitu kigeni. Seli nyeupe hukivamia na kumwaga vimeng'enya vyao, zikifanya polepole kazi aliyoitaka Smith kwa papai. Ajabu ni kwamba vipande vikubwa vilivyokatika kabisa ndivyo hutoweka zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa 283 wenye maumivu makali: baadhi wapasuliwe mapema, wengine wasubiri. Mwaka ulipokwisha, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi, na asilimia 39 ya waliosubiri waliishia kupasuliwa.

Kwa hiyo usikimbilie chumba cha upasuaji kwa sababu ya picha ya MRI peke yake. Takriban asilimia 30 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote wana diski iliyotuna. Jipe wiki sita za dawa na mazoezi, endelea kutembea, kisha jadili na daktari upasuaji wa tundu dogo ikiwa mguu bado unakutesa. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukikwama au kujitokea wenyewe, au miguu ikiishiwa nguvu, usisubiri hata siku moja: nenda hospitali saa hiyohiyo.