Sahani Hewa na Mafuta ya Bei Mara Mbili: Vile Kampuni ya Zamani ya Dick Cheney Iliomoka na Vita ya Iraq

Wasee, hebu pigeni hii hesabu. Ni Julai 2003, kambi ya jeshi la Marekani inayoitwa Camp Arifjan, huko Kuwait. Kila siku chakula kinachopakuliwa ni sahani kama 14,000. Lakini bili inayotumwa kwa serikali inasema sahani 42,000. Kila siku!

Hizo 28,000 zilikuliwa na nani? Hakuna. Sisi hapa Kenya tumezoea kusikia wafanyakazi hewa. Hizi zilikuwa sahani hewa.

Aliyetuma hiyo bili ni KBR, kampuni iliyokuwa chini ya Halliburton ya Texas. Na kuna jina moja linafanya hii stori iwe moto hadi leo: Dick Cheney. Huyo buda alikuwa bosi mkuu wa Halliburton hadi mwaka 2000. Vita ya Iraq ilipoanza Machi 2003, alikuwa makamu wa rais wa Marekani.

Je, ilikuwa bahati tu ama kuna watu walijipanga? Twende pole pole.

Walijuana wapi?

Kati ya 1989 na 1993, Cheney alikuwa waziri wa ulinzi. Mwaka 1992, wizara yake ililipa kampuni ya Brown & Root, mali ya Halliburton, dola milioni 3.9 iandike ripoti. Swali lilikuwa moja: kampuni binafsi zinaweza kulipikia jeshi, kulifulia nguo, kulijengea kambi na kulibebea mizigo?

Jibu likawa ndiyo, zinaweza. Na mwaka huo huo, nani alishinda tenda ya kwanza ya hiyo kazi? Brown & Root. Mpango wenyewe unaitwa LOGCAP. Wanajeshi wa Marekani walipotua Mogadishu Disemba 1992, hapa tu kwa jirani Somalia, hiyo kampuni ilikuwa nyuma yao ikijenga na kupika.

Cheney alipotoka serikalini, Halliburton ikamchukua awe bosi kuanzia 1995. Akakaa miaka mitano, kisha akarudi kwa siasa akiwa mgombea mwenza wa George W. Bush. Disemba 2001, akiwa tayari ni makamu wa rais, KBR ikashinda LOGCAP tena.

Unaona vile mlango unazunguka? Unatoka serikalini unaingia kwa kampuni, unatoka kwa kampuni unarudi serikalini. Kisheria inaweza kuwa sawa. Lakini mtu akikuuliza kama umekata hizo kamba zote, inabidi uwe na jibu safi.

Tenda bila ushindani

Mwisho wa 2002, serikali iliipa KBR kazi ndogo ya dola milioni 1.9: pangeni vile visima vya mafuta vya Iraq vitashughulikiwa vita ikianza. Kimya kimya. Machi 2003, siku chache kabla ya mabomu kuanza kuanguka, KBR ikapewa kazi yenyewe, tenda ambayo ingeweza kufika dola bilioni 7. Kampuni nyingine hazikuitwa kushindana.

Sababu waliyotoa? Ati hakuna muda, na KBR ndiyo peke yake inajua huo mpango. Ambayo ni kweli, juu ndiyo iliuandika! Ni kama kumwambia fundi akuandikie orodha ya vitu vya kujenga nyumba, halafu unasema lazima ajenge yeye kwa sababu ndiye anaijua orodha.

Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, iliangalia hii maneno mwaka 2004. Ilisema kutoa tenda kubwa bila ushindani kulikubalika kisheria kwa sababu ya dharura ya vita. Lakini ile kazi ndogo ya kupanga, iliyofungua mlango, ilitolewa kwa njia isiyofaa. Ilichomekwa ndani ya LOGCAP na haikuwa kazi ya LOGCAP.

Kwa nini kutumia sana kulikuwa kunalipa

Hapa ndio watu wengi hupotea, na hapa ndio utamu wote uko. LOGCAP haikuwa kazi ya bei moja iliyofungwa. Ilikuwa hivi: kampuni inatumia, serikali inarudisha gharama zote, halafu inaongeza faida ya asilimia 1, na bonasi inayoweza kufika asilimia 2 zaidi.

Asilimia 1 inaonekana kitu kidogo. Lakini jiweke kwa viatu vya hiyo kampuni. Ukitumia vizuri ukamaliza kazi kwa dola milioni 50, faida yako ya uhakika ni nusu milioni. Kazi ikipangwa kuwa ya milioni 100, ni milioni nzima. Sasa wewe utajisumbua kutafuta bei rahisi ya nini?

Waliofanya kazi huko walieleza vile hiyo akili ilishuka hadi chini. Mwaka 2004, mfanyakazi wa zamani aliambia wabunge kwamba kufua mfuko mmoja wa nguo wa kama kilo 7 kulikuwa kunalipiwa hadi dola 100, na katoni ya soda dola 45. Madereva wa zamani nao wakasema malori ya dola 85,000 kila moja yalikuwa yanaachwa barabarani kwa sababu ya shida ndogo kama kukosa tairi la ziada. Lori jipya litalipiwa na nani? Serikali.

Mafuta nayo

Iraq imekaa juu ya mafuta, lakini baada ya uvamizi petroli ilikosekana, ikabidi iletwe kutoka nje. KBR ilileta kutoka Uturuki na kutoka Kuwait.

Disemba 2003, wakaguzi wa wizara ya ulinzi walitoa hesabu. Petroli ya Kuwait ilikuwa inaingia kwa dola 2.27 kwa galoni moja, yaani kama lita 3.8. Ya Uturuki ilikuwa dola 1.18. Kwa galoni milioni 57, tofauti hiyo inafika kama dola milioni 61. Na raia wa Iraq akifika kwa pampu, alikuwa ananunua galoni kwa senti chache tu. Hiyo pesa yote ya katikati ilikuwa inatoka kwa mifuko ya serikali.

KBR ilijitetea. Ilisema Kuwait ilikuwa muhimu kwa sababu njia ni hatari na mahitaji ni makubwa, na kwamba jeshi lenyewe lilijua na kukubali. Kuhusu chakula, ilisema mtu anapikia idadi aliyoambiwa itakuja, si wale walifika. Na ukweli usemwe, kazi ilikuwa hatari kweli. Madereva wake waliuawa kwenye hizo barabara.

Lakini kuna pesa ilirudishwa. Mapema 2004, Halliburton ililipa serikali dola milioni 6.3 baada ya kugundua wafanyakazi wake walikuwa wamekula mlungula kutoka kwa kampuni moja ya Kuwait. Kwa upande wa chakula, ikakubali kurudisha dola milioni 27.4.

Mama aliyeandika kwa kalamu

Kama hii ingekuwa sinema, stelingi angekuwa Bunnatine Greenhouse. Huyu mama mweusi kutoka Louisiana, dadake gwiji wa NBA Elvin Hayes, ndiye alikuwa mkubwa wa tenda zote katika kitengo cha wahandisi wa jeshi.

Kwa mkutano mmoja kabla ya vita, aliona watu wa KBR wameketi ndani wakati tenda yao inajadiliwa. Akataka watolewe. Alipoletewa mkataba wa kusaini, ulikuwa wa miaka miwili na unaweza kuongezwa hadi mitano. Yeye alitaka mmoja tu: kama ni dharura, iwe ya dharura. Akasaini, lakini kando ya sahihi yake akaandika kwa mkono kwamba anapinga huo muda.

Juni 2005 alikaa mbele ya maseneta wa Democrat na kusema wazi kwamba hajawahi kuona tenda iliyovurugwa hivyo katika kazi yake yote. Miezi miwili baadaye alishushwa cheo. Alipigana mahakamani hadi 2011, serikali ikamlipa dola 970,000.

Cheney mwenyewe alihusika?

Hapa lazima tuwe makini. Cheney alikana kuhusika na hizo tenda, na hakuna mahakama iliyowahi kumpata na hatia.

Alichosema ni kwamba hana tena uhusiano wa kifedha na Halliburton. Shida ni kwamba kampuni ilikuwa bado inamlipa mshahara wake wa zamani alioahirisha, zaidi ya dola 160,000 mwaka 2002, na bado alikuwa na haki ya kununua hisa zaidi ya 400,000. Yeye alisema malipo hayo hayategemei faida ya kampuni, na faida ya hizo hisa ameahidi misaada. Watafiti wa bunge wakasema hiyo bado inahesabika kama maslahi ya kifedha.

Halafu 2004 ikatokea barua pepe ya afisa wa jeshi, ya Machi 2003, iliyosema hiyo tenda ya mafuta imeratibiwa na ofisi ya makamu wa rais. Ofisi yake ikakana kuhusika. Mwezi huo wa Juni, Cheney alikutana na seneta Patrick Leahy, mmoja wa wale walikuwa wanaichapa Halliburton, ndani ya Seneti. Akamwambia akajifanyie kitu ambacho hatuwezi kuandika hapa.

Iliishaje?

Hapa ndipo inauma. Kwa ile kazi ya mafuta, wakaguzi walitilia shaka dola milioni 263. Mwaka 2006 jeshi likaamua: lipa karibu zote. Lilikata milioni 10.1 tu. Mwaka uliofuata, Halliburton ikaachana na KBR, kila mtu na njia yake.

Mwaka 2011, tume ya bunge kuhusu tenda za vita ilisema kati ya dola bilioni 31 na 60 zilipotea kwa ubadhirifu na wizi katika Iraq na Afghanistan, kampuni zote zikihesabiwa. Na walipa ushuru wa Marekani si wao tu walikuwa kwa hiyo stori. Maelfu ya vijana wa Uganda, na Wakenya pia, walienda Iraq kulinda lango za hizo kambi chini ya kampuni za ulinzi, kwa mshahara ambao Mmarekani hangeamka asubuhi kuufuata. Pesa ilikuwa inaingia juu kama mto, huku chini inafika matone.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia tenda ya dharura, iwe ya vita, ya mafuriko ama ya ugonjwa, uliza maswali matatu. Nani aliandika mpango, na je, ndiye amepewa kazi? Akitumia pesa nyingi zaidi, anapata faida zaidi? Na yule mtu wa ofisi aliyekataa kusaini bure, bado yuko kazini?

Wewe unaonaje? Cheney alipangia watu wake, ama hiyo ndiyo tabia ya vita tu?