Kubadilisha Injini ya Gari Kuukuu: Je, Mafuta Yatapungua?

Mwenye gari dogo la abiria au mizigo lililotumika miaka mingi huona fedha zake zikizidi kuishia katika kituo cha mafuta. Mara nyingi fundi humshauri aiondoe injini ya petroli na kuweka ya dizeli iliyokwisha kutumika, ya namna zile ziletwazo kutoka Japani na kuuzwa Gerezani mjini Dar es Salaam au Kirinyaga Road mjini Nairobi. Ushauri huo waweza kuwa na faida, waweza kuleta hasara, na usipotekelezwa kwa uangalifu waweza hata kuhatarisha maisha. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kupambanua.

Mafuta huenda wapi?

Injini ni mashine ya kugeuza joto kuwa mwendo. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba hakuna mashine ya namna hiyo iwezayo kugeuza joto lote kuwa kazi. Katika injini ya petroli ya kizamani, robo hivi tu ya nishati ya mafuta hutoka ikiwa nguvu ya kuzungusha magurudumu. Sehemu iliyosalia hupotea katika moshi, katika maji ya rejeta na katika msuguano wa vyuma.

Kadiri hewa inavyogandamizwa ndani ya silinda kabla ya mafuta kuwaka, ndivyo gesi inavyopata nafasi kubwa zaidi ya kutanuka na kuisukuma pistoni. Lakini mchanganyiko wa petroli na hewa ukigandamizwa kupita kiasi huwaka kabla ya wakati wake, na injini hugonga. Kwa hiyo injini kuukuu za petroli huigandamiza hewa mara 8 au 9 hivi. Injini ya dizeli hugandamiza hewa peke yake, mara 20 hivi, mpaka inakuwa na joto la kuyawasha mafuta yanayonyunyizwa na nozeli bila ya msaada wa plagi. Injini ambayo Rudolf Diesel aliijaribu mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, iligeuza kiasi cha asilimia 26 ya joto kuwa kazi. Injini za dizeli za magari zilizotengenezwa baadaye zimevuka asilimia 35.

Ipo sababu ya pili. Dereva wa gari la petroli anapoondoa mguu, anaiziba njia ya hewa, na injini hulazimika kuvuta kama mtu anywaye uji mzito kwa mrija mwembamba. Katika injini ya kawaida ya dizeli kinachopunguzwa ni mafuta, wala si hewa. Zaidi ya hayo, lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi, na ya petroli 32 hivi.

Hesabu kabla ya spana

Tuchukue mfano. Gari linakwenda kilomita 8 kwa lita moja, na baada ya kubadilishwa injini litakwenda kilomita 10. Likisafiri kilomita 20,000 kwa mwaka, matumizi yatashuka kutoka lita 2,500 hadi 2,000. Yaani lita 500 zitaokolewa. Ikiwa injini na kazi ya fundi vinagharimu sawa na bei ya lita 1,500, na bei ya mafuta hayo mawili ikiwa moja, gharama itarudi kwa miaka 3. Lakini gari hilohilo likisafiri kilomita 6,000 tu kwa mwaka, litaokoa lita 150, na mwenyewe atangoja miaka 10. Huenda bodi ikaliwa na kutu kabla ya siku hiyo kufika.

Tena injini si mlaji pekee. Gari lenye umbo la sanduku husukuma hewa nyingi. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu, injini iwe ya namna yoyote.

Yanayofuatana na injini

Jambo la kwanza ni breki. Katika magari mengi ya petroli, kifaa cha kumsaidia dereva kukanyaga breki hutumia uvutaji wa hewa wa injini yenyewe. Injini ya dizeli haina uvutaji huo, hivyo lazima iwe na pampu yake ya kunyonya hewa. Pampu hiyo ikisahauliwa, pedali itakuwa ngumu kama jiwe, na gari lililojaa abiria halitasimama pale dereva alipotarajia.

Pili, injini ya dizeli huzunguka polepole zaidi. Difu la zamani likiachwa, injini italia kwa nguvu katika barabara kuu na sehemu ya akiba itapotea. Tatu, ni nzito zaidi, kwa hiyo springi za mbele, klachi na rejeta havina budi kukaguliwa. Nne, namba ya injini huandikwa katika kadi ya gari. Mabadiliko yapelekwe kwa wahusika.

Basi hatua ya kwanza ni kumwomba fundi apime mgandamizo wa kila silinda ya injini iliyopo. Huenda ringi za pistoni, kabureta iliyochoka au tairi zisizo na upepo wa kutosha ndizo zinazokula mafuta, na dawa yake ni nafuu zaidi. Ikiwa injini imechoka kweli, gari linasafiri sana, na bodi, breki na gia boksi bado ni imara, hapo kubadilisha injini ni matumizi mema ya fedha. Lolote kati ya hayo likikosekana, afadhali fedha hizo ziwe mwanzo wa kununua gari jingine.