Kishazi Nomino na Dhamira Tegemezi katika Kiingereza: Mtazamo wa Mwanafunzi Mzungumzaji wa Kiha na Kiswahili

1.0 Utangulizi
Makala haya yanafafanua uhusiano wa kishazi nomino na dhamira tegemezi katika sarufi ya Kiingereza, yakimzingatia mwanafunzi wa Nyabibuye, kata iliyomo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo. Mwanafunzi huyo hukua akizungumza Kiha, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza katika sekondari. Hoja kuu ni kwamba maana ya dhamira tegemezi anaijua tayari. Kinachomtatiza ni uchache wa alama zinazoidhihirisha katika Kiingereza.

2.0 Kishazi nomino
Kishazi nomino ni kishazi tegemezi kinachokaa mahali pa nomino. Katika "She knows that the well is clean", yaani "Anajua kwamba kisima ni kisafi", kishazi kinachofuata kitenzi ni yambwa. Katika "What he said is true", yaani "Alichosema ni kweli", kishazi ni kiima. Vishazi hivi vinaarifu, hivyo havihitaji dhamira tegemezi.

3.0 Kuarifu na kutaka
Tulinganishe sentensi mbili:

(1) The committee insisted that the well was clean.
Kamati ilisisitiza kwamba kisima kilikuwa kisafi.

(2) The committee insisted that the well be clean.
Kamati ilisisitiza kisima kiwe kisafi.

Katika (1), kamati inatetea hali ya kisima. Katika (2), inatoa sharti, na huenda kisima chenyewe ni kichafu. Anayechanganya sentensi hizi hugeuza agizo kuwa taarifa. Kiswahili huonesha tofauti hiyo kwa kiambishi tamati -e katika "kiwe". Kiambishi hiki kimeenea katika lugha za Kibantu. Kirundi, lugha iliyo karibu sana na Kiha, husema "ugende" kwa maana ya "uende".

Kiingereza kimepoteza karibu viambishi vyote vya dhamira hii. Yamebaki masalia mawili makuu katika vishazi vya agizo: umbo "be", na kukosekana kwa "-s" katika nafsi ya tatu umoja, kama katika "The teacher demands that he come early", yaani "Mwalimu anaagiza aje mapema". Katika "that they come", hakuna alama yoyote inayoonekana.

4.0 Mfanano wa kimuundo
Mfanano wa Kiingereza na Kiswahili hapa ni wa aina mbili. Kwanza, kitenzi cha kishazi hakifuati njeo ya kitenzi kikuu: "demanded that he come" hubaki na "come", kama "aliagiza aje" inavyobaki na "aje". Pili, ukanushi hufanyika bila kitenzi kisaidizi "do": "that he not come" ni sawa na "asije".

Hata hivyo, mfanano huu una mpaka. "Nataka aje" haiwi "I want that he come", bali "I want him to come". Kwa hiyo mwalimu hana budi kufundisha dhamira hii pamoja na vitenzi vinavyoiruhusu, kama vile "demand", "insist", "suggest" na "recommend".

5.0 Athari kwa usahihishaji
Mwanafunzi anapoandika "that he come", msahihishaji anaweza kuongeza "-s" akidhani ni kosa la upatanisho wa kisarufi, na jibu sahihi likanyimwa alama. Aidha, Quirk na wenzake (1985) wanaeleza kwamba dhamira tegemezi ya aina hii hutumika zaidi Marekani, ilhali Uingereza hupendelea "should". Hivyo "that he should come" nayo ni sahihi, na mwongozo wa usahihishaji unapaswa kuyakubali maumbo yote mawili.

6.0 Hitimisho
Ufundishaji wa dhamira tegemezi uanzie kwenye "aje", "kiwe" na "asije", kisha uelekee "come", "be" na "not come". Mwanafunzi akianza kwa kujiuliza iwapo kishazi kinaarifu au kinataka, atakuwa na msingi wa kuchagua umbo la kitenzi, na msahihishaji atakuwa na kigezo kilekile cha kumpimia.