Neno “Kinga” na Uelewa wa Maambukizi ya UVIKO-19 katika Kaya: Mfano wa Kamwokya, Kampala

Makala haya yanadai kwamba neno kinga, kama lilivyotumika katika taarifa za UVIKO-19, limebebeshwa dhana tatu ambazo sayansi huzitenganisha: kutoambukizwa, kutougua sana, na kutowaambukiza wengine. Tofauti hizo hudhihirika zaidi ndani ya kaya. Huko Kamwokya, mtaa wa Kampala ulio jirani na Kololo, familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha kupanga, kiitwacho muzigo kwa Kiganda. Katika chumba hicho ushauri wa kumtenga mgonjwa hautekelezeki kwa urahisi. Hivyo kinga ya kila mwanakaya huwa na uzito mkubwa.

Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza tarehe 21 Machi 2020. Baadaye wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe walishiriki kuitambua aina ya kirusi iitwayo A.23.1, iliyoenea nchini kabla ya Delta kutawala wimbi la katikati ya mwaka 2021. Omicron ilifuata mwezi Desemba. Chanjo nazo zilikuwa zimeanza kutolewa tarehe 10 Machi 2021. Kwa hiyo, Omicron ilipoingia, chumba kimoja kingeweza kuwa na bibi aliyechanjwa, kijana aliyepona Delta, na mtoto asiye na kinga yoyote ya awali.

Kirusi hakiwakuti watu hao katika hali moja. Kingamwili hukitambua kirusi hasa kwa umbo la protini ya miiba yake, na Omicron ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 katika protini hiyo. Utafiti wa kaya uliofanywa Denmark mwezi Desemba 2021 ulionyesha kuwa takribani asilimia 29 ya wanakaya waliambukizwa pale Omicron ilipoingia nyumbani, ikilinganishwa na asilimia 21 kwa Delta. Miongoni mwa wasiochanjwa tofauti kati ya aina hizo mbili ilikuwa ndogo. Miongoni mwa waliochanjwa ilikuwa kubwa. Maana yake ni kwamba Omicron ilienea kwa kasi hasa kwa kuikwepa kinga iliyokuwapo. Hata kwa Delta, utafiti wa Uingereza ulibaini kuwa asilimia 25 ya wanakaya waliochanjwa waliambukizwa, dhidi ya asilimia 38 ya wasiochanjwa. Hata hivyo, kinga dhidi ya ugonjwa mkali ilidumu zaidi, kwa kuwa baadhi ya chembe nyeupe za damu hutambua sehemu nyingi za kirusi ambazo hazikubadilika.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Nomino kinga inahusiana na kitenzi kukinga, na anayejikinga mvua hutarajia asilowe hata kidogo. Sentensi “aliyechanjwa ana kinga” ni ya kweli, lakini msikilizaji huielewa kuwa aliyechanjwa hawezi kuambukizwa wala kuambukiza. Kijana aliyechanjwa akipata mafua, huenda akahitimisha kuwa chanjo ni uongo. Au, akiamini hawezi kuambukiza, akakaa karibu na bibi bila barakoa. Hitimisho la kwanza huvunja imani kwa wahudumu wa afya. La pili huhatarisha maisha.

Tunapendekeza kwamba waandishi wa taarifa za afya wasiliache neno kinga peke yake. Waseme kinga dhidi ya maambukizi, kinga dhidi ya ugonjwa mkali, au kinga dhidi ya kuambukiza wengine. Kisha wataje ni kwa aina gani ya kirusi na kwamba nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita. Kwa mkazi wa muzigo, tamko linalofaa ni hili: “Chanjo hupunguza sana hatari ya kufa, na hupunguza kwa kiasi uwezekano wa kuambukizwa, mmoja wenu akikohoa, fungueni dirisha, vaeni barakoa, na mzee alale mbali naye kadiri chumba kinavyoruhusu.” Tamko hilo ni refu kuliko neno moja, lakini halimwahidi msikilizaji kisichokuwapo.