Mpangilio wa Picha: Kanuni ya Theluthi

Mpangilio ni namna mpiga picha anavyoamua kitu gani kikae wapi ndani ya fremu. Watahiniwa wengi hukariri fasili hiyo, kisha wakipewa picha waieleze huandika "ni nzuri, inavutia". Jibu hilo halimwambii msahihishaji lolote.

Igawe picha kwa mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, upate visanduku tisa vilivyo sawa. (Simu nyingi huonyesha mistari hiyo ukiiwasha kwenye kamera.) Sasa chukua picha ya jahazi likipita mbele ya Forodhani, Unguja, jioni. Anayejifunza huliweka jahazi katikati kabisa, na upeo wa macho hukata picha nusu kwa nusu. Jicho halijui litazame maji au anga. Ushushe upeo hadi mstari wa chini, anga lipate theluthi mbili. Jahazi likiwa linaelekea kulia, liweke kwenye makutano ya mistari upande wa kushoto, ili libakiwe na nafasi mbele yake. Nafasi hiyo ndiyo watahiniwa husahau kuitaja.

Jina la kanuni hii lilitumiwa na mchoraji Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797, kabla upigaji picha haujavumbuliwa. Alikuwa akizungumzia michoro ya mandhari.

Lakini si sheria. Mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe, wenye mbao mbili zinazofanana, hukaa vizuri katikati. Hapo usiandike kwamba mpiga picha amekosea. Andika kwamba ametumia ulinganifu, kisha taja pande zinazolingana.